Shubiri Moja Juu ya Lami

Kiti changu kipo shubiri moja na vidole vinne juu ya lami.
Hivyo ndivyo ninavyouona mji wa Belén siku hizi:
visigino vya watu, matumbo ya mbwa,
vizibo vya soda vilivyozama katika lami ya kiangazi.
Miaka ishirini na sita nilisambaza barua mitaa hii hii
kwa miguu, mkoba begani,
na nyufa zake sikuwahi kuzijua.

Kisha damu ikaganda kichwani, asubuhi ya Jumanne,
na upande wangu wa kushoto ukaniaga
bila kunipa mkono.

Sasa nina magurudumu: mawili mbele, moja nyuma.
Naegama kama mgonjwa anayesomewa gazeti,
mguu wa kushoto umefungwa mkanda kwenye pedali
usije ukachomoka ukaburuzwa.
Mkono wa kulia hubadili gia, hukamata breki, hupungia majirani.
Mmoja, kazi tatu. Haujagoma bado.

Pancha ya kwanza ilinikuta kando ya mfereji,
Agosti, saa nane mchana,
mipopla imetulia kama iliyokatazwa kusema.
Tss.
Sauti ndogo, kama ya mtu anayekuita kanisani.
Mwenye miguu miwili angeshuka, angepindua chombo,
angekuwa nyumbani kabla ya chai.
Mimi nilikaa.
Simu ilibakiwa na chaji asilimia nne.
Mbigili ilikuwa pale kwenye tairi, imezama mpaka shingo.
Huku tunaziita vichwa vya mbuzi;
igeuze kiganjani, utaziona pembe.

Bwana mmoja aliyekuwa akikimbia alisimama,
akasema pole, akaendelea kukimbia.
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, najua.
Huu sikujichoma, na pole nilipewa.
Pole haijazi upepo.
Saa tatu nilisubiri. Jua lilinihesabu mbavu.

Orlin Begaye, fundi, hakusema pole. Alisema, "Lete."
Akavisha magurudumu matairi mazito kama ngozi ya kisigino,
akatandika utepe mgumu kati ya tairi na mpira wa ndani,
akamimina humo ute mweupe
unaokimbilia tundu kabla hujajua kwamba lipo.
"Utakuwa mzito," alionya, "kama uliyevaa buti."
Orlin, buti nazijua mimi.

Basi kila asubuhi, kabla ya kahawa,
pampu ya umeme, ndogo kama mkate, inanguruma mapajani.
Naivaa glavu, nayazungusha ya mbele, moja kulia, moja kushoto,
natoa kokoto, kipande cha chupa, sindano ya waya.
La kushoto lanitaka nijipinde mpaka kiuno kilalamike.
La nyuma silifikii.
Ni kama deni: lipo, silioni.
Orlin amenifungia juu yake kamba ya ngozi
inayolamba tairi likizunguka,
iuchape mwiba kabla haujapata mzunguko wa pili.
Tik, tik, nasikia nyuma yangu. Nashukuru kila tik.

Lakini hili hakunifundisha fundi.
Mwezi Mei mbigili huchanua.
Ua la manjano, petali tano, si kubwa kuliko kifungo cha shati,
na wenye kusimama hulikanyaga wakisifu milima.
Mimi nalikuta usoni.
Nafunga breki, nanyoosha mkono wa kulia,
nakamata shina pale linapoingia ardhini
na kulivuta lote, na mizizi, na vitoto vyake vya kijani
vikiwa bado laini, havijaota pembe.
Nautia katika mkoba wangu wa posta,
ule ule, wenye doa la wino.

"Umepoteza kitu, mama?" msichana wa skuta aliniuliza jana.
"Ndiyo," nikamwambia. "Saa tatu."
Akainama akanisaidia kutafuta.
Tuling'oa mashina kumi na tisa, yeye na mimi,
mpaka kwenye daraja la mbao.
Ng'ambo ya daraja pana manjano tupu.
Huko sijafika.